SOMO: Bonde la Mto Mubuku na Kazi ya Barafu ya Kale



Somo la robo hii linahusu mawe. Tunajua si jambo ambalo kamati ya parokia huliweka kwenye ajenda. Hata hivyo, kila tunapoketi na kamati kuamua mahali pa kujenga darasa, zahanati au tangi la maji karibu na mto wa milimani, swali la mawe huwa limo chumbani hata kama hakuna aliyelitaja. Mawe makubwa kama vibanda yamelala mtoni na pembeni mwa mto. Nani aliyaleta? Yalifika lini? Na je, yanaweza kusogea tena?

Tumechagua kujifunza kwa mfano mmoja, bonde la mto Mubuku, upande wa mashariki wa milima ya Rwenzori, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Tumelichagua kwa sababu ni bonde lenye msitu mzito, lenye barafu kichwani na watu wengi miguuni, na kwa sababu wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi kuliko mabonde mengi ya nchi zetu. Wasomaji wa Meru, Kilimanjaro na Kivu wataona mambo mengi yanayofanana na ya kwao.

Mlima usiotoka kwenye moto

Watu wengi hudhani kila mlima mrefu wa Afrika Mashariki ulitokana na volkano. Kilimanjaro na mlima Kenya ndivyo vilivyo, lakini Rwenzori sivyo. Ni kipande kikubwa cha miamba ya kale sana kilichosukumwa juu wakati ardhi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa. Kilele chake, Margherita, kina urefu wa meta 5,109, cha tatu barani baada ya Kibo na Batian. Wakonzo, ambao ndio wenyeji wa miteremko hii, huiita theluji Nzururu, na katika imani yao ya asili Kitasamba ndiye mwenye makao huko juu kwenye theluji. Si ajabu basi kwamba wazee waliwakataza vijana kuchezea mlima. Dunia ya nje ilichelewa sana kuufahamu. Stanley aliiona theluji yake mwaka 1888, na kilele kilipandwa mara ya kwanza mwaka 1906 na msafara wa Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia, uliopita katika bonde hili hili la Mubuku.

Mto Mubuku unaanzia mlima Baker. Ndugu yake, Bujuku, unatoka kwenye ziwa lenye jina hilo, katikati ya milima ya Stanley, Speke na Baker. Mito hii miwili inakutana ndani ya msitu chini ya kambi ya Nyabitaba, kisha inashuka pamoja kupita Bugoye hadi tambarare na kumwaga maji katika ziwa George. Kutoka hapo maji hufuata mfereji wa Kazinga hadi ziwa Edward, halafu mto Semliki unayazungusha nyuma ya mlima ule ule kupitia Kongo hadi ziwa Albert na mto Nile. Kwa hiyo tone linaloanguka Baker huuzunguka mlima wake kabla ya kwenda zake Misri.

Barafu ilipofika msituni

Anayepanda bonde hili leo hutembea kwanza katika mashamba ya migomba, kahawa na mihogo, kisha anaingia msitu wa mvua. Huko kuna podo na miti mingine mirefu, magome yamevikwa kuvumwani, yale manyoya ya kijani yanayonyonya maji kama sifongo. Kuanzia meta 2,500 hivi kuna mianzi. Kuanzia meta 3,000 huanza ile miti ya ajabu ya jamii ya erika, ambayo kwingine ni vichaka tu lakini hapa ina urefu wa nyumba ya ghorofa, nayo imefunikwa na ndevu za mimea. Juu zaidi ni lobelia na senesio kubwa, na mwisho ni mwamba mtupu na barafu.

Sasa tuombe msomaji aondoe picha hiyo yote akilini. Kati ya miaka 25,000 na 20,000 iliyopita dunia ilikuwa baridi kuliko leo, na barafu ya Rwenzori haikukaa kileleni tu. Ilijaa katika bonde la Bujuku na la Mubuku, ikateremka zaidi ya kilomita kumi, ikafika mwinuko wa meta 2,000 na ushei. Yaani, mahali ambapo leo ni msitu mzito wa nyani na ndege, palikuwa na mto wa barafu wenye unene wa kuzidi mnara wa kanisa lolote tunalolijua. Na hapa si mbali na mstari wa ikweta.

Mto wa barafu si barafu iliyosimama. Uzito wake mwenyewe huisukuma polepole kuteremka, huku imebeba mawe tumboni na mgongoni. Maji ya mto hukata ardhi kama panga, ndiyo maana bonde lililochimbwa na maji peke yake huwa na umbo la herufi V. Barafu husugua kama randa ya seremala, chini na pembeni kwa pamoja, na kuacha bonde pana lenye sakafu bapa na kuta zilizosimama, kama herufi U. Ukipanda Mubuku unaweza kuliona badiliko hilo kwa macho. Chini bonde ni jembamba na limebanwa. Ukishapita Nyabitaba na kuendelea na njia ya Bujuku, linafunguka. Sakafu yake imekuwa vinamasi, na kinamasi cha Bigo ni maarufu kwa kuvua watu viatu mpaka pale zilipowekwa njia za mbao. Vinamasi hivyo vipo kwa sababu barafu ilichimba mabakuli na kuacha matuta yanayozuia maji yasitoke haraka. Tutarudi kwenye jambo hili, maana lina faida kubwa kwa watu wa chini.

Barafu ilipoyeyuka ilishusha mzigo wake. Mawe, changarawe na udongo vilibaki katika matuta marefu ambayo wataalamu huyaita moreni. Njia ya kwenda Nyabitaba hupanda juu ya mgongo wa tuta la namna hiyo, na wapandaji wengi hulalamikia mwinuko wake bila kujua wanakanyaga nini. Pembeni, kwenye mwinuko wa karibu meta 3,000, kuna ziwa dogo la Mahoma lililokaa ndani ya matuta hayo. Wataalamu wameipa enzi ile ya barafu ya Rwenzori jina la ziwa hili.

Jiwe linavyotaja umri wake

Msomaji makini atauliza, nani alikuwepo kuhesabu miaka 20,000? Ni swali zuri, na tungependa kamati zetu ziulize hivyo hata kwa makandarasi.

Njia ya kwanza ni matope. Mwaka 1967 mtaalamu Mmarekani, Daniel Livingstone, alichapisha matokeo ya kuchimba matope chini ya ziwa Mahoma na maziwa mengine ya Rwenzori. Matope ya ziwa hujipanga kama kurasa, ya zamani chini na mapya juu, na ndani yake mna chavua za mimea iliyokuwepo kila wakati. Katika ziwa Mahoma kurasa za chini kabisa zilionyesha mahali pa wazi penye miti michache. Kurasa za juu zaidi zilionyesha msitu ukiingia. Kwa maneno mengine, msitu tunaouona na kuudhania kuwa wa tangu kuumbwa kwa dunia ulipanda huko baada ya barafu kuondoka.

Njia ya pili ni ya miaka ya karibuni. Miale kutoka anga za juu huupiga mwamba kila siku, na ndani ya madini ya kwatzi hutengeneza chembe za aina fulani ya beriliamu. Jiwe likiwa limefunikwa na barafu chembe hizo hazitengenezwi. Barafu ikiliacha wazi, saa inaanza kuhesabu. Watafiti walichukua vipande vya mawe makubwa yaliyo juu ya moreni za Rwenzori, wakapima, na mwaka 2014 wakachapisha umri wa takriban miaka 24,900 na 20,100 kwa matuta mawili. Tunayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba baadhi ya yale mawe makubwa yamekaa palepale, juu ya tuta, muda wote huo. Lakini si yote. Ni muhimu mno kutofautisha jiwe lililoletwa na barafu na likatulia, na jiwe lililoletwa na mafuriko ya juzi.

Barafu ikiisha, mto utakauka?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi na marafiki zetu wa nje, nao huuliza kwa upendo. Wameona picha. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 6.5 hivi, juu ya milima sita. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini kidogo ya kilomita moja ya mraba, juu ya milima mitatu, na tangu hapo imezidi kupungua. Iliyobaki imeshikilia zaidi vilele vya Stanley. Wengi wa watoto wanaobatizwa mwaka huu hawataiona.

Ni hasara, na kwa Wakonzo ni hasara ya kitu ambacho hakiwezi kupimwa kwa kilomita. Lakini kuhusu maji, jibu ni tofauti na wengi wanavyofikiri. Utafiti wa Richard Taylor na wenzake, wakiwemo wataalamu wa maji wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima maji ya Mubuku na kuona kwamba yanayotokana na barafu kuyeyuka ni chini ya asilimia 2 ya maji ya mto unapofika miguuni mwa mlima, masika na kiangazi vilevile. Karibu yote mengine ni mvua. Mvua hiyo, ambayo katika ukanda wa msitu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, hupokelewa na msitu, kuvumwani na vile vinamasi vilivyolala katika mabakuli ya barafu ya kale, kisha huachiliwa kidogo kidogo.

Hivyo barafu iliyokufa miaka 20,000 iliyopita inaufaa mto Mubuku kuliko ile iliyo hai leo. Tunasema hivi kwa wafadhili kwa heshima zote: fedha inayotolewa ili "kuokoa barafu" kwa kupanda miche huku chini haitaokoa barafu. Hali ya hewa ya dunia nzima ndiyo inayoiyeyusha. Fedha hiyo hiyo ikitumika kutunza msitu, kingo za mito na mashamba ya miteremkoni, mtu wa Bugoye ataona faida yake katika maisha yake. Msitu wa juu tayari unalindwa. Ulikuwa hifadhi ya misitu tangu mwaka 1941, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Kazi iliyobaki iko nje ya mpaka wa hifadhi, kwenye miteremko mikali inayolimwa hadi ukingoni mwa maji.

Na maji hayo yanategemewa kweli. Katika mto Mubuku kuna vituo vitatu vya umeme, na cha Bugoye cha megawati 13 kilianza kazi mwaka 2009. Mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1960, yanakunywa kutoka mto huu na mto Sebwe.

Mawe yanapoamka

Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha juu ya Rwenzori na mito ya Kasese ikafurika. Mto Nyamwamba, katika bonde jirani ambalo nalo lilikuwa na barafu sehemu zake za juu, ulishusha mawe na magogo hadi Kilembe na mji wa Kasese. Watu walikufa, maelfu walihama, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Miaka saba baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 2020, mito kadhaa ilifurika kwa pamoja, Mubuku ukiwa mmojawapo. Hospitali ile ile ikapigwa tena. Familia zililala katika madarasa ya shule, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa imeambiwa ikae nyumbani kwa sababu ya korona.

Kwa nini mito hii hushusha mawe na si maji tu? Sababu ya kwanza ni mwinuko. Kutoka meta 4,000 hadi 1,000 ni safari fupi sana hapa. Sababu ya pili ni ghala la mawe. Barafu ya kale iliacha bondeni shehena kubwa ya mawe na udongo uliochanganyika, visivyoshikamana kama mwamba. Mvua ikizidi, mto huchimba mguu wa tuta, tuta hubomoka, na maji hugeuka kuwa uji mzito wenye nguvu ya kubeba jiwe ambalo maji matupu yasingelisogeza. Mashamba yaliyo wazi huongeza udongo katika uji huo, na vichaka vilivyoungua haviwezi kupunguza kasi. Februari 2012, mwaka mmoja kabla ya mafuriko ya kwanza, moto uliunguza sehemu za juu za mlima.

Mto ukitoka katika lango la bonde na kufika tambarare, nguvu zake hupungua ghafla. Hapo ndipo unapotua mzigo. Mawe hujaza njia ya mto, sakafu yake inapanda, na mafuriko yanayofuata hutafuta njia nyingine. Miaka na miaka ya kuhamahama huko imetengeneza eneo pana lenye umbo la upepeo, lenye udongo mzuri, lililoinama kidogo tu, karibu na barabara na maji. Mtu akitafuta kiwanja cha shule atalipenda mara moja. Kusema kweli sisi pia tungelipenda.

Kutembea mtoni kabla ya kujenga

Tunashauri kamati itembee kando ya mto, kutoka kwenye kiwanja hadi mwendo wa saa moja juu yake, pamoja na wazee wawili au watatu na akina mama wanaochota maji hapo. Fundi aje pia, lakini asiwe ndiye msemaji mkuu.

Angalieni ukingo uliobomoka na kuonyesha tumbo lake. Kama mawe ni ya mviringo, yamepangika kwa tabaka, makubwa na makubwa, changarawe na changarawe, hiyo ni kazi ya maji ya kawaida ya mto. Kama mawe makubwa, changarawe na udongo vimechanganyika bila mpango, kama mchanganyiko wa zege ulioachwa ukakauka, basi ni moreni au ni mafuriko mazito. Ili kujua ni kipi, tazameni mahali penyewe. Juu milimani, kwenye mgongo wa tuta ndani ya bonde pana, yaelekea ni barafu. Hapa chini kwenye lango la bonde, ambako barafu haikufika kamwe, ni mafuriko.

Halafu tazameni ngozi ya mawe makubwa. Jiwe lililotulia kwa vizazi lina madoa ya mimea, kuvumwani na pengine mti ulioota kwenye ufa wake. Jiwe safi, lenye michubuko mipya, lilisafiri juzi. Ulizeni wazee, "Mzee, jiwe hili mlilikuta hapa mlipokuwa watoto?" Mara nyingi swali hilo moja hutoa habari kuliko ramani. Wakitaja mwaka, uandikeni katika kumbukumbu za kikao, na mwonyesheni katibu mahali maji yalipofika ili apime kwa kamba.

Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 hutenga ukanda wa meta 30 kutoka ukingoni kwa mito mingi, na meta 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Huo ni mwanzo tu. Kwenye upepeo wa mawe mto unaweza kuhama zaidi ya meta 100 kwa usiku mmoja, kwa hiyo jengo la kulala watu, yaani bweni, wodi au nyumba ya mapadri, tusingependa liwe huko hata kidogo. Bustani na uwanja wa mpira vinaweza kuwa huko. Vizimba vya waya vilivyojazwa mawe hulinda ukingo kwa muda, na kuondoa mawe mtoni kwa mashine husaidia mpaka mafuriko yanayofuata. Mfadhili anayelipia kazi hizo aelezwe mapema kwamba zitarudiwa. Mianzi na matete yaliyopandwa ukingoni ni ya bei nafuu, nayo hujirudishia yenyewe. Kwenye mteremko wa juu, makinga maji na majani ya tembo kati ya mistari ya kahawa hupunguza udongo unaoingia mtoni.

Kamati zitakazotaka kufanya matembezi haya zituandikie idadi ya watu na jina la mto. Wakati mzuri ni Juni mwishoni na Julai, au Januari, maji yakiwa chini na tumbo la ukingo likionekana. Mje na kamba ya meta 50, panga, na viatu ambavyo hamtavililia.